Bata Maji Aliyembeba Dorah

Msomaji uliyenisindikiza tangu mwanzo unajua nimeshazika watoto wawili. Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, karibu. Nitakupa kwa ufupi yaliyotangulia, halafu tuendelee kulia pamoja.

Naitwa Mbuke. Nimeolewa katika kijiji kimoja si mbali na Samuye. Jina lake nalificha kwa sababu watu wake bado wapo, na baadhi yao wananunua gazeti hili. Mume wangu Boaz ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, yuko kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia, ya upande wa Bugarama, na nyumbani hufika mara moja kwa miezi miwili. Mimi nilikuwa naishi na mama yake, Melania.

Onesmo wetu alifariki akiwa na mwaka mmoja. Klara akamfuata akiwa na miezi tisa tu. Wote wawili roho iliwatoka wakiwa mgongoni kwa bibi yao, akiwakimbiza zahanati.

Kwenye gazeti la wiki iliyopita niliwaacha tukiwa wodini, hospitali ya Kolandoto, mimi na Dorah, mwanangu wa tatu, miezi minane, viganja na nyayo vimevimba. Daktari alimtoa damu akasema majibu ya kipimo kimoja yatachukua siku kadhaa. Mchana ule nikiwa kwenye kiti kando ya kitanda, usingizi ukanipitia, nikaota.

Mmetuma meseji nyingi mkiiulizia hiyo ndoto. Basi ndiyo hii.

Niliona lambo letu la kunyweshea ng'ombe limejaa pomoni. Katikati ameelea ndege mkubwa mweupe, shingo ndefu ameikunja, ndege ambaye sijawahi kumtia machoni. Si korongo, si yangeyange. Mgongoni kwake, katikati ya mbawa, ameketi Dorah. Nikamwita mwanangu. Ndege akageuza shingo, akanitazama, kisha akaenda zake ng'ambo pamoja naye.

Nikaamka nimelowa jasho.

Tuliporuhusiwa nikamkuta Boaz nyumbani. Duara lao lilikuwa limetoa mawe matupu kwa miezi minne, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta wa kumlaumu.

“Mama Dorah, mbona uko hivyo?”

“Nimeota.”

Akakaa chini. Kwa watu wa machimboni ndoto si mchezo. Nimewahi kumsikia akisema kikosi kizima kiligoma kuzama duarani kwa sababu mpishi wao aliota nyoka. Nikamsimulia yote. Aliposikia kwamba ndege aliondoka na mtoto, akasimama.

“Kesho tunakwenda kwa Jilala.”

Jilala ni mpiga ramli ya kuku. Wasukuma wenzangu mnaijua shughuli hiyo, wengine nawaeleza. Nilimtemea kijogoo mate mdomoni, nikamnong'oneza shida yangu. Jilala akampasua, akamlaza chali kwenye ungo, akaanza kusoma madoa ya mbawani kama karani anayesoma barua.

“Ndege wa rangi gani?”

“Mweupe.”

“Shingo?”

“Ndefu.”

“Alikutazama kama adui, au kama mtu anayekujua?”

Nikafikiri. “Kama mtu anayenijua.”

“Basi hatoki mbali,” Jilala akasema. “Huyo mnakula naye chungu kimoja.”

Boaz akamsihi, “Mtaje, mzee.”

“Serikali imekataza ramli chonganishi, kijana wangu. Mimi sitaji watu, nasoma kuku. Mwenye ndoto ndiye anayejua alimwona nani.”

Wote wawili wakanigeukia mimi.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana miaka hii yote watu wamekuwa wakimtukana Jilala na mimi nanyamaza. Jilala hakutaja jina. Jina nililitaja mimi.

Melania ni mrefu. Shingo yake ni ndefu, ujanani ilisifiwa mpaka ikaimbwa kwenye ngoma. Kichwa chote ni mvi. Macho ni mekundu kwa moshi, kwa kuwa kuni kwetu ni za shida na miaka yote amepikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Wanangu wawili walikufa mgongoni kwake. Na siku mbili kabla hatujalazwa, aliniambia mbele ya jirani kwamba sijui hata kumfunga mtoto mbeleko. Kauli ile ilikuwa bado imenikaa rohoni.

“Ni mama,” nikasema.

Boaz hakunipiga wala hakunikemea. Afadhali angenipiga. Alinyanyuka akatoka bila kuaga, nikamfuata nikiwa na mtoto.

Jioni hiyo hiyo, ilikuwa Jumatatu, akaenda kwa kamanda wa sungusungu, Mzee Pantaleo. Filimbi ikalia. Amri ikatoka: mpaka Jumamosi baraza litakapokaa, mtu yeyote asimsalimie Melania, asimpe moto, asichote naye maji, asijibu akisemeshwa. Atakayevunja, naye atatengwa.

Boaz akatoa kitanda cha mama yake nje na kukiingiza kwenye jiko la zamani. Melania akawa amesimama tu uani na kibuyu chake cha maziwa.

“Boaz, ng'wanone, mwanangu, kuna nini?”

Mwanawe akampita.

Akanigeukia mimi. “Mama Dorah?”

Nikainama nikajifanya natafuta kitu kwenye ndoo.

Asubuhi yake Melania alikwenda bombani. Wanawake waliokuwa wakicheka wakanyamaza wote kwa pamoja. Hakuna aliyemsukuma, hakuna aliyemtukana. Walichukua ndoo zao, nyingine zikiwa nusu, wakaondoka. Akabaki peke yake na bomba. Mimi nilikuwa mmoja wa walioondoka.

Jumanne mchana mikono ya Dorah ikavimba tena. Alilia kilio cha kukaza mwili, kile ambacho mama akikisikia anatamani aumwe yeye. Nilimbembeleza, nikamnyonyesha, nikampaka mafuta, wapi! Boaz alikuwa ametoka.

Ndipo nikasikia sauti kutoka jiko la zamani.

“Nyie kuku, hamsikii mtoto analia? Chemsheni maji. Yawe ya uvuguvugu, yasiunguze. Mtumbukize viganja mpaka kwenye viwiko, mkande taratibu.”

Nikatoka mlangoni. Melania alikuwa amechuchumaa anawamwagia kuku pumba, amenipa mgongo.

“Na mnyweshe maji, nyie kuku. Mengi. Maziwa peke yake hayatoshi.”

Amri ilikuwa kwamba mtu asiseme naye. Kuku hawakutajwa. Mama huyu alikuwa ananikinga mimi nisivunje amri iliyowekwa kwa ulimi wangu mwenyewe, na mimi nilikuwa bado sijui kama nimche au nimshukuru. Nikachemsha maji. Baada ya nusu saa Dorah akanyamaza.

Kila siku ikawa hivyo. Mtoto akilia, kuku wanaelekezwa. Mimi nasikiliza, nafanya, nafunga mlango. Na bado, Mungu anisamehe, nilikuwa najiambia kwamba mchawi naye huwa anajua dawa.

Alhamisi ilikuwa siku ya majibu. Nilipanda bodaboda na Dorah mgongoni mpaka barabarani, nikafika Kolandoto jua likiwa limechomoza vizuri. Kwenye benchi nikakaa na mwanamke mmoja mchangamfu, Ritha, Mhaya anayeuza vitenge kule Bugarama, naye alimleta mwanawe. Mtu akikaa benchi moja nawe kwa muda wa saa tatu anakuwa ndugu. Nikamsimulia ndoto, ila habari za Jilala nikazifunga moyoni.

“Ndege mweupe, mkubwa, shingo amefanya hivi?” Akakunja mkono wake kama mpini wa kikombe.

“Hivyo hivyo!”

“Dada, huyo si ni bata maji? Yupo kwenye mablanketi, yupo kwenye makadi ya harusi. Huku kwetu hayupo, yuko Ulaya. Ngoja.”

Akatoa simu, akaandika, akanionyesha. Nywele zikanisimama. Alikuwa ni yeye, vile vile, hata ile namna ya kugeuza shingo.

“Sasa tuone anamaanisha nini ukimwota. Hawa watu wa mtandaoni hawakosi la kusema.” Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mistari. “‘Bata maji mweupe ndotoni ni ishara ya mtu anayekupenda kwa moyo mmoja. Ni mwaminifu na ni mlinzi wa nyumba yako.’ Haya, umeona? Wewe unalia nini?”

“Na akimchukua mtoto?”

“Akimchukua vipi?”

“Amembeba mgongoni. Anaondoka naye.”

Ritha akacheka, akatafuta video, akanisogezea. Bata maji alikuwa anaelea ziwani, na katikati ya mbawa zake vimejificha vifaranga vitatu, vichwa tu vinachungulia.

“Hamchukui, mama. Ndivyo wanavyolea. Watoto wakichoka au wakiogopa, anawapakia mgongoni.”

Nilimwangalia yule ndege mpaka simu ikajizima. Sikuwa na hakika kama mtandao una ukweli kuliko kuku wa Jilala. Lakini nilikumbuka Onesmo na Klara, na njia ile ya zahanati yenye kokoto, na mwanamke wa miaka sitini na kitu akikimbia pekupeku na mtoto mgongoni, mimi nyuma yake nimeishiwa pumzi. Walifia mgongoni kwake kwa sababu yeye ndiye aliyewabeba. Mbona hilo sikuliona?

Nikaitwa ndani.

“Mama Dorah, mtoto ana selimundu,” daktari akasema. Alikuwa dada mpole, hakuwa na haraka. “Ni ugonjwa wa damu. Kanda yetu hii wapo wengi.”

“Amerogwa?”

“Amerithi. Nusu ametoa kwa baba, nusu kwa mama. Ninyi wenyewe mnaweza kufika uzeeni bila kuumwa, lakini mkikutana, kila mtoto yuko hatarini.”

Nikamweleza kuhusu wawili waliotangulia: uvimbe, macho ya njano, kuishiwa damu. Akasikiliza kichwa ameinamisha.

“Siwezi kuapa bila kipimo. Ila kwa unavyoeleza, huenda ni huo huo.” Akashika kiganja cha Dorah akakigeuza. “Uvimbe umepungua. Nani anamkanda kwa maji ya uvuguvugu?”

Nikakitazama kile kiganja. Akarudia swali.

“Bibi yake.”

“Mwambie asiache. Na kila mwezi umlete kliniki, usikose hata mmoja. Mtoto huyu anaweza kukua, mama, lakini kwa kufuatiliwa.”

Nilirudi nyumbani na karatasi ya majibu nimeifunga kwenye pindo la khanga. Nikamkuta Boaz kivulini ananoa panga la shambani. Nikamsomea. Nikadhani atalia, tutalia wote, halafu twende kwa mama yake tupige magoti.

“Unaniambia mimi ndiye niliyewaua wanangu?” akasema.

“Ni damu zetu sote wawili, Baba Dorah. Si kosa la mtu.”

“Ukoo wetu hauna damu mbovu.”

“Mimi nilikosea. Jumamosi nitasimama nikanushe.”

Akaacha kunoa. “Kanusha. Utatengwa wewe kwa kuwachezea watu wazima. Utaondoka hapa na nguo ulizovaa, na mtoto atabaki kwangu. Kwetu mtoto ni wa baba, hilo unalijua.”

Akaendelea kunoa.

Nilikwenda kwenye jiko la zamani mchana kweupe, sikujali nani ananiona. Melania alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Nikapiga magoti mlangoni.

“Shikamoo, mayu, mama yangu.”

Hakuitikia. Akawatazama kuku. “Mwambieni huyo mwanamke atoke. Ataonekana.”

“Ni mimi niliyekutaja kwa Jilala.”

Mikono ikasimama kwenye ungo, kisha ikaendelea.

“Kuku wangu, hilo nalijua tangu Jumatatu usiku. Boaz akipandisha sauti hana siri.”

Nilitamani ardhi inimeze. Siku nne alikuwa anajua, na siku tatu alikuwa ananifundisha kumtuliza mwanangu. Nikamwambia yote: bata maji, vifaranga, selimundu, maneno ya daktari kuhusu maji ya uvuguvugu. Pale kwenye maji nikamwona akijifuta macho kwa mgongo wa mkono.

“Jumamosi nitakanusha, mayu. Mbele ya wote.”

“Asikanushe!” Aliwaambia kuku kwa ukali mpaka wakatawanyika. “Mtoto anatakiwa hospitali kila mwezi. Aliyetengwa hapakiwi na bodaboda ya kijiji hiki. Na akinyang'anywa mtoto, nani atampeleka? Boaz? Boaz atarudi machimboni. Nimebeba wawili mgongoni, nikahisi uzito ukibadilika. Wa tatu sitaki.”

“Watakuua.”

“Watanifukuza tu. Nina mdogo wangu Geita, atanipokea.”

Alisema hivyo, lakini hakuna kitu alichokuwa amefungasha. Sote wawili tulijua habari za vikongwe wa macho mekundu walioitwa wachawi, waliofukuzwa tu, na walikoishia. Nikaondoka nikijikwaa.

Jumamosi saa nne watu walijaa mbele ya godauni la pamba. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, na Melania peke yake kwenye kigoda katikati ya uwanja, kama hatua ishirini kutoka kwa kila mtu. Amejifunga khanga safi. Mimi nilikuwa mbele na Dorah mapajani, karatasi ipo kwenye pindo. Usingizi sikuupata siku mbili. Nilikuwa nimeamua nitasema kweli, halafu naamua nitanyamaza, halafu naamua tena.

Mzee Pantaleo akasimama.

“Mama Dorah, simama. Uliota ndoto?”

“Niliota.”

“Mbele ya Jilala ulitaja jina?”

“Nilitaja.”

“La nani?”

Nikamtazama Boaz. Alikuwa anatazama mchanga. Nikafungua pindo la khanga, nikaishika ile karatasi.

“Kamanda,” nikaanza, “kuna jambo ambalo…”

“Msimsumbue mtoto wa watu.”

Ilikuwa sauti ya Melania. Alikuwa amesimama, na alikuwa anasema na watu, si na kuku. Shingo imenyooka.

“Ndoto yake ni ya kweli. Ni mimi. Onesmo ni mimi, na Klara ni mimi. Huyu mkwe wangu hana kosa, aachwe alee.”

Mwanamke mmoja nyuma yangu akaanza kulia, na upande wa wanaume vijana wawili watatu wakasimama. Boaz akainua uso. Sijawahi kuona mtu akikosa furaha kiasi kile baada ya kupata alichokitaka.

“Mmesikia wenyewe,” Pantaleo akasema, na sauti yake nayo haikuwa na nguvu. “Mama Dorah, una neno la kuongeza?”

Melania akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu Jumatatu. Akatikisa kichwa kidogo sana: hapana.

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu na kinywa changu kilikuwa wazi. Dorah ndiye aliyetangulia. Alikuwa hajamwona bibi yake kwa karibu siku tano nzima. Alimwona pale katikati akapiga kelele ya furaha, akajirusha kutaka kutoka mikononi mwangu na kumnyooshea viganja vyake vilivyovimba. Watu wote waliona.

“Usimpe,” Boaz akasema.

Melania akaificha mikono yake nyuma, ili asimpokee.

Nikakanyaga mbele. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tano. Filimbi ikalia nyuma yangu, nikasikia miguu ya watu wanaokimbia kunifuata. Nikamkumbatia mwanangu kwa nguvu, nikaendelea kwenda kwa mama mkwe wangu.